Maji ya Miguu Yangu

Mtu akiniambia, "Nimefika," mimi humtazama miguu kwanza. Wajukuu wangu hunicheka. Husema, "Nyanya, siku hizi watu wanafika kwa magari." Najua. Mimi sina ugomvi na gari. Nina ugomvi na mtu mmoja, ambaye sasa yuko chini ya mchanga, na jambo lake nitalisimulia kama lilivyokuwa, maana yeye langu alilisimulia kama lisivyokuwa.

Miaka ile bendera ya Mwingereza ilikuwa haijashushwa bado, ingawa kila mtu alijua kwamba itashuka. Mimi nilikuwa mke wa mtu, huko Taru. Kwetu ni Msambweni, lakini mume wangu alikuwa na hoteli ndogo ya chai kando ya barabara kuu ya Nairobi, nikamfuata huko kwenye ukame na mbuzi. Tulikuwa na binti mmoja. Kabla yake nilizika wawili, kwa hivyo mkinisikia nasema "binti yangu," jueni nasema roho yangu.

Binti huyo akashikwa na homa. Asubuhi alikuwa akilia kichwa, adhuhuri shingo imekaza, hageuki. Watu waliniuliza baadaye mbona sikumkimbiza Mombasa, kulikuwa karibu. Nilimkimbiza lilikokwenda gari! Gari lililosimama siku ile lilikuwa lori la mbuzi la kwenda Msambweni, na Msambweni kuna hospitali, na kuna shangazi yangu aliyenilea. Nikapanda nyuma pamoja na mbuzi, mtoto mapajani. Tukapita Samburu, tukapita Kinango, tukapanda milima ya Shimba mpaka Kwale, tukateremka Ng'ombeni, tukashika barabara ya pwani. Njia nzima nilikuwa nikimtia maji mdomoni kwa kidole.

Pale mlangoni pa hospitali, walipomchukua mikononi mwangu, niliweka nadhiri. Sikuiweka moyoni, niliitamka, na shangazi yangu alikuwa kando akaisikia. Nilisema, "Mola wangu, ukinirudishia huyu, njia hii hii nitairudia kwa miguu yangu, kutoka Taru mpaka mlango huu, nisipakiwe na chochote."

Alinirudishia. Alitoka amekonda kama ufito, lakini alitoka. Nikamwacha kwa shangazi apate nguvu, mimi nikarudi Taru kwenda kuanza safari yangu pale ilipostahili kuanzia.

Sasa niwaambie jambo moja la nyumbani kwetu. Mtu akiwa na nadhiri ya miguu, siku ya kufika wanawake wa nyumba humtilia maji ya mrehani katika beseni, wakamwosha miguu mlangoni kabla hajakanyaga ndani. Maji yale ndiyo amina ya watu. Bila ya maji yale unaweza kuwa umefika kwa Mungu, lakini kwa majirani hujafika, na mtoto uliyemwekea nadhiri huhesabiwa kuwa bado hajakombolewa. Akikohoa tu, watu hutazamana.

Na huyu bwana sasa. Alikuwa mchuuzi wa ng'ombe pale Taru, rafiki wa mume wangu, akiniita shemeji. Sifa yake yote ilikuwa miguu. Alipokuwa kijana, mwaka wa njaa, aliswaga ng'ombe kutoka Taru mpaka Likoni, na hadithi hiyo tulinyweshwa pamoja na chai kila siku ya Mungu. "Mguu wangu huu," alikuwa akisema, akiuinua juu ya benchi watu wauone, "haukuguswa na gurudumu." Aliposikia kwamba mimi naondoka kwa miguu kwenda Msambweni alicheka mbele ya hoteli nzima.

"Mwanamke? Kutoka hapa? Atafika Samburu aombe punda."

Nikamwambia, "Inshallah nitafika, bwana, na nikifika hiyo hadithi yako tutaigawana nusu kwa nusu."

Wateja wakaangua kicheko, na safari hii alikuwa akichekwa yeye. Niliona uso wake ulivyobadilika. Ningekuwa na akili ningeogopa pale pale, lakini nilikuwa na furaha ya mtu aliyerudishiwa mtoto, na furaha ya namna ile haina macho.

Sitawapigia hadithi ya kila jiwe. Niliondoka na wifi yangu, kikapu kichwani, ndani yake ubani na kanga ya kubadilisha na mahindi ya kuchoma. Tulipofika Kinango mguu wa wifi ulikuwa umevimba, nikamwacha kwa watu wazuri, nikaendelea na wanawake waliokuwa wakielekea upande ule ule, mpaka nao wakaishia makwao mmoja mmoja. Nilikuwa na malengelenge juu ya malengelenge. Lakini niliikanyaga njia yote. Palipokuwa na njia ya mkato, sikuishika, kwa sababu lori halikupita huko, na mimi nilisema njia hii hii.

Kabla hujaingia msituni, unapopanda kwenda Kwale, palikuwa na daraja dogo la mawe. Hapo nikakuta landirova ya serikali na askari wawili wa wanyama. Wakanisimamisha. Ndovu wako barabarani, wakasema, wana watoto, jana wamemvunja mtu mbavu.

"Nitangoja wapite," nikasema.

"Hapa hangoji mtu, mama. Ingia garini tukuvushe."

"Nina nadhiri. Siwezi kupakiwa."

"Ndovu hajui nadhiri," akasema yule mrefu, na kabla sijajibu wakanibeba juujuu, mimi na kikapu changu, wakanitupa nyuma kama gunia la muhogo. Nililia. Nawaambia kweli, nililia kwa hasira mpaka kanga ikalowa. Na aliyekuwa ameketi mbele, kando ya dereva, akageuka. Nani? Bwana wa ng'ombe. Alikuwa amepewa lifti tangu Kinango, anakwenda Msambweni kuonana na wauza nyama.

"Shemeji!" akasema, meno yote nje. "Miguu imegoma?"

Tulifika Kwale jua bado liko juu, wakanishusha, nikapata pa kulala kwa mama mmoja muuza mbaazi. Asubuhi nikaulizia ndovu, nikaambiwa wamevuka upande wa pili. Nikajifunga kanga, nikatoka kurudi kule nilikotoka.

Bwana wa ng'ombe alikuwa mbele ya hoteli moja ya pale Kwale, anakunywa chai. Akaniita kwa sauti, "Shemeji, umepotea! Msambweni ni huku!"

"Sikupotea," nikamjibu. "Narudi daraja la mawe, pale waliponipakia. Nitaanza tena pale pale."

Alicheka mpaka chai ikammwagikia shati. Nilimwona kwa macho yangu, naye aliniona kwa yake. Hilo lishikeni, kwa sababu ndilo jambo lenyewe.

Nikateremka msitu ule peke yangu. Kinyesi cha ndovu kilikuwa kingali kinatoka moshi. Nilisoma kila aya niliyofundishwa utotoni, na nilipomaliza nikaanza upya. Kufika darajani nikakuta nyayo zangu za jana ziko bado kwenye vumbi, zimekatika kando ya alama ya magurudumu. Nikaweka mguu juu ya unyayo wa mwisho, nikageuka, nikapanda mlima ule kwa mara ya pili. Mtu aniambie sasa ni hatua ipi niliyoiruka.

Kutoka Kwale watu wakanionyesha kijia cha kuteremkia Tiwi, kifupi, chenye kivuli. Nikakataa. Nikazunguka na Ng'ombeni kwa barabara ya lori. Ukunda nikaiacha barabara nikaenda kulala kwa jamaa zangu Bongwe, na asubuhi nikarudi mpaka kwenye mwembe ule ule nilipoiachia, ndipo nikageuza uso kusini. Jamaa zangu walidhani jua limenipiga. Siku ya mwisho miguu ilikuwa haisikii tena, lakini nilikuwa nikitabasamu peke yangu barabarani, nikiwaza yale maji. Nilikuwa nikiisikia harufu ya mrehani tangu nilipofika Gazi.

Nikagusa mlango wa hospitali kwa mkono wa kulia. Nikasema alhamdulillahi. Nikaenda kwa shangazi.

Mlangoni hapakuwa na vigelegele. Wanawake walikuwepo, wamekaa. Beseni lilikuwa limeegemezwa ukutani limefunikwa kifudifudi, na mchanga mbele ya mlango ulikuwa umelowa, majani ya mrehani yamegandamana nao. Maji yalikuwa yametiwa, kisha yakamwagwa.

Shangazi yangu akanitazama kwa huruma, na huruma ile ilinichoma kuliko tusi. "Mwanangu," akasema, "ungetwambia tu kwamba umepanda gari. Kwani kuna aibu? Lakini maji haya si ya mtu wa gari."

"Nani kasema nimepanda gari?"

"Bwana wa ng'ombe wa kwenu huko Taru. Kapita hapa, katusalimu vizuri, kasema mlikuwa gari moja. Kaapa. Unakataa?"

"Sikatai. Hakuwaambia kwamba nilirudi?"

"Kurudi wapi?"

Nikaeleza. Nilieleza nimesimama, kikapu kingali kichwani. Lakini nani anarudi msituni penye ndovu kwa ajili ya kipande cha njia alichokwisha kuvushwa? Ukilisikia kwa mtu utaliamini? Wao hawakuliamini. Binti yangu, na wembamba wake ule, akanyanyuka akasema, "Mama, nikutekee maji mimi?" Shangazi akamzuia kwa mkono. "Maji hayo hayatekwi na mtoto."

Niliingia ndani na vumbi langu.

Nilimwendea mwalimu wa chuo cha Kurani, mtu mzima mcha Mungu, nikamweleza yote. Akaniambia, "Ulichorukishwa kwa nguvu umekirudia kwa hiari. Nadhiri yako imetimia, binti yangu, nenda kalale." Nililala. Lakini mwalimu hakukaa uani na wanawake, na huko uani ndiko mambo yanakoamuliwa.

Nikamhoji yule bwana niliporudi Taru. Mbele ya mume wangu nikamwuliza, "Uliniona au hukuniona nikirudi darajani?" Akainua mabega. "Shemeji, nilikuona umepakiwa. Zaidi ya hapo mimi sijui, nilikuwa nakunywa chai." Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa "yaishe." Akanivuta kanga akaniambia hasira hasara. Mimi nikamwambia ng'o! Hasara nimekwisha kuipata, nibakishiwe hasira yangu.

Nikaihifadhi. Wengine huweka dhahabu, mimi niliweka hiyo.

Binti yangu alikulia Msambweni kwa shangazi, kwa sababu ya chuo na shule. Alinawiri, alikuwa mzuri, na kila alipopita walisema yule ni wa nadhiri iliyopanda gari. Akiumwa jino, nadhiri. Mvua ikinyesha siku aliyoalikwa harusini, nadhiri. Alipovunja ungo wakaja watu wa kwanza kumposa, wakaonja maneno ya uani, wakaondoka na salamu nyingi. Wakaja wa pili, wakaondoka hata bila ya salamu. Nikamkuta binti amekaa jikoni anapepeta mchele ambao ulikuwa safi tayari. Hakulia. Aliniuliza, "Mama, ni kweli mimi bado ni wa huko?" Huko alikokuwa akikusema ni kaburini. Wallahi siku ile ningemkuta yule bwana ningemtafuna mbichi.

Naye alikuwa akinenepa. Uhuru ulikuja, akawa mtu wa mbele. Siku tuliyokusanyika uwanjani Kwale kuiona bendera yetu wenyewe, machozi yananitoka kwa furaha kama kila mtu, akapandishwa jukwaani kusema maneno mawili, na akasema yapi? Ng'ombe, na Likoni, na mguu usioguswa na gurudumu! Watu wakampigia makofi. Alikuwa amekuja na lori lake jipya. Mimi nilikuwa nimesimama juani, furaha yangu ya Uhuru akanitilia mchanga.

Basi Mungu si Athumani, kama wanavyosema watu. Bwana huyu alikuwa na mwanawe mkubwa, aliyepata kazi ya kuhudumia mezani katika hoteli mpya za Diani. Kijana akapelekwa hospitali Msambweni na kidole kilichokatwa na kopo, akamwona binti yangu pale, amekwenda kumtazama mgonjwa. Ikawa ndiyo basi. Kidole kilipona, na kijana aliendelea kuja.

Nilipojua ni mtoto wa nani nilicheka peke yangu. Nikamwita binti.

"Unamtaka?"

"Namtaka, mama. Nimemweleza mambo yote ya daraja. Yeye ananiamini."

"Unamjua babake?"

"Namjua." Akanishika mkono. Aliniogopa, nilimwona, na alikuwa na haki ya kuniogopa. "Mama, mfanye baba yake utakavyo. Lakini ukimvunja, usinivunjie na posa yangu."

Nikamwahidi. Na hiyo ndiyo ahadi iliyonipa kazi, kwa sababu kumharibia yule bwana ilikuwa rahisi: ningesema hapana tu, basi. Lakini kumharibia bila ya kumgusa binti yangu kulitaka mtu akae chini afikiri.

Wakaja kuposa, kwa shangazi Msambweni. Wazee wao sita, na bwana wa ng'ombe katikati, kanzu inameremeta, tumbo mbele. Wanawake tulikaa upande wa pili wa pazia, mlango wazi. Mambo yakaenda vizuri, mahari yakakubaliwa, kilemba cha mjomba kikatajwa. Ikafika zamu ya mkaja. Mkaja ni haki ya mama: asili yake ni ile nguo aliyojifungia tumbo baada ya kuzaa, na siku ya posa mama hutaja mwenyewe anachotaka. Kwa kawaida mama huwa na haya, hutaja kidogo. Na kwa kawaida baba wa kijana huwa na akili, hungoja kwanza asikie. Huyu bwana, kwa kupenda kwake kusikilizwa, akanyanyuka akasema kwa sauti ya jukwaani:

"Shemeji, mimi na wewe tumetoka mbali. Usione haya. Taja utakacho, chochote kitakachotoka katika ulimi wako, nimekwisha kukubali mbele ya wazee hawa. Nikikataa, mimi si mwanamume."

Lo! Nilimshukuru Mola wangu pale nyuma ya pazia.

Nikasema, "Sitaki pesa, sitaki nguo, sitaki ng'ombe. Mkaja wangu ni miguu yako. Utoke Taru mpaka mlango huu, kwa njia ya lori, usipakiwe na chochote."

Mtu mmoja akakohoa. Kisha bwana akacheka, lakini kicheko kikamfia mdomoni. Ndugu yake akasema badala yake watatoa ng'ombe wawili. Nikasema hapana. Watatu? Hapana. "Kwani kuna nini?" nikauliza kwa upole, sauti yangu tamu kama halua. "Si yeye aliyefika Likoni na ng'ombe wa watu? Ule mguu hauko tena?"

Wazee wetu wakaanza kutabasamu ndani ya ndevu. Angesema nini? Angesema hawezi, ile hadithi ya miaka yote ingekufa pale pale. Akasema, "Nitakwenda."

Alikwenda, na mwanawe akafuatana naye. Habari zilikuwa zikitufikia kwa madereva wa malori, na mimi nilizipokea kila moja kama mtu anayeletewa tende. Amefika Samburu, anachechemea. Amevua viatu. Amelala Kinango, hataki kuzungumza na mtu. Shangazi, aliyekuwa mzee sasa, aliniambia, "Mwanangu, moyo wako mweusi." Nikamwambia mkuki kwa nguruwe, shangazi. Yeye akageuza uso, maana alijua ni nani aliyemwaga maji.

Siku waliyofika nyumba ilijaa. Wazee wale wale walikuwapo. Nikawa nimechuma mrehani mwenyewe, nimechemsha maji mwenyewe, na beseni nimeliweka mlangoni mbele ya kiti, mvuke unatoka. Bwana wa ng'ombe alikuja akimwegemea mwanawe. Alikuwa amepungua, kanzu imekuwa rangi ya barabara. Alipoliona beseni uso wake ulilegea, akaketi juu ya ukingo wa baraza, akaanza kufungua viatu.

"Karibuni," nikasema. "Poleni na njia. Kabla ya maji nina swali, na nitamwuliza kijana, kwa sababu nataka kumjua mkwe wangu ni mtu wa maneno gani. Kijana, mmekanyaga njia yote?"

Kijana akamtazama baba yake. Baba yake akamtolea macho. Nilimhurumia mtoto wa watu, lakini sikumsaidia.

"Mama," akasema, "pale darajani tulisimamishwa na askari wa wanyama. Ndovu walikuwa mbele. Walitupakia mpaka Kwale."

"Kisha?"

"Asubuhi mimi nilirudi darajani, nikaanza tena." Akatazama chini. "Binti yako alikwisha kunieleza namna ya kufanya."

"Na baba yako?"

"Baba alinisubiri Kwale."

"Anafanya nini?"

"Anakunywa chai."

Watu waliguna nyumba nzima. Mimi sikuguna. Niliingoja chai ile miaka yote hiyo. Nikasogea mpaka mbele ya yule bwana, pazia nimeliacha nyuma, nikamwambia, "Wewe ndiye fundi wa njia. Tuhukumie. Huyu mwanao, aliyepakiwa kwa nguvu akarudi akaanza pale pale, amefika au hakufika?"

Akanielewa. Nilimwona anavyogeuka huku na huku moyoni mwake, anatafuta mlango. Akisema hakufika, basi kwao hakuna hata mmoja aliyefika, na safari nzima ni bure. Akisema amefika, basi.

"Amefika," akasema.

"Sikusikia."

"Amefika!"

"Na mimi, ulipokuwa Kwale ukinywa chai, uliniona nikirudi darajani, au hukuniona?"

Alikuwa na kiatu kimoja mkononi. Akakiweka mchangani.

"Nilikuona, shemeji," akasema. "Nilikuona, na ulifika."

Shangazi yangu akaweka mikono kichwani. "Njia ya mwongo fupi!" akalia. "Na mimi nikamwaga maji! Nikamwaga maji ya mwanangu!" Akaja, na uzee wake wote, akapiga magoti mbele ya beseni. Bwana wa ng'ombe akadhani ni yeye anayepigiwa magoti. Akakivua kiatu cha pili, akanyoosha miguu yake ile, imepasuka, inatoka damu, akaiinua kuileta majini.

Mimi nikaketi juu ya kiti, nikatia yangu.

Maji yalikuwa ya moto kidogo tu. Shangazi aliniosha akilia, kidole kwa kidole, na binti yangu akapiga kigelegele cha kwanza, wanawake wakakidaka. Nikamsikia yule bwana amesimama mbele yangu, anapumua, miguu mitupu juu ya mchanga. Hakuna aliyemwambia kaa. Nilipomaliza nikanyanyuka, nikamwosha kijana mwenyewe kwa mikono yangu, kwa maji mapya, nikamwambia karibu mwanangu, mke utapewa. Kisha nikamgeukia babake.

"Harusi itakuwa Ijumaa. Mkaja wangu bado. Maji yako nitayachemsha siku utakayorudi darajani."

Hakurudi. Harusi ikawa, wajukuu wakazaliwa, wazima wote, mashallah, na uani hakuna aliyetaja nadhiri tena. Hadithi ya Likoni nayo nikaja kuambiwa kwamba imekoma pale Taru, kila akiianza mtu mmoja humwuliza chai ya Kwale ilikuwa na sukari ngapi. Lakini kila Idi alikuja Msambweni kuwaona wajukuu, na kila Idi nilimwekea beseni mlangoni, kavu, limesafishwa. Binti yangu alinisihi niliondoe. Nikamwambia litaondoka baba mkwe wako akishafika.

Mwaka wa mwisho alikuja na bakora, amekwisha, sauti haitoki vizuri. Akasimama mbele ya beseni, akalitazama, akanitazama.

"Shemeji," akasema, "hata leo?"

"Hata leo."

Akalizunguka polepole kwa bakora yake, akaingia ndani na vumbi lake.